Wewe ni wa wapi hasa?

Hebu nikuulize swali rahisi: wewe ni wa wapi?

Ukiwa Ukunda utasema "wa hapa hapa" na mambo yataishia hapo. Ukiwa Nairobi utasema "Pwani", mtu atakuuliza kama bado unalala mchana, nawe utacheka ingawa utani huo umeusikia mara elfu. Hayo ni ya kawaida. Swali lenye sumu ni la pili, lile linalokuja baada ya wewe kujibu. "Sawa, wa hapa. Lakini wewe ni wa wapi hasa?"

Hilo "hasa" ndilo nataka tuliongelee leo.

Labda unakumbuka kisa cha Novemba 2022 kule London. Mwanamke mweusi kwa jina Ngozi Fulani, mzaliwa wa Uingereza na mwanzilishi wa shirika la Sistah Space linalowasaidia wanawake weusi wanaopigwa majumbani, alialikwa kwenye hafla katika Kasri la Buckingham. Bibi mmoja aliyeitumikia familia ya kifalme kwa miaka mingi, Lady Susan Hussey, akamuuliza anatoka wapi. Akajibu. Akaulizwa tena, unatoka wapi kikweli? Akajibu tena kuwa yeye ni Mwingereza, amezaliwa pale pale. Swali likarudi tena na tena kama nzi kwenye embe. Mwishowe habari zilitoka, yule bibi akaomba radhi na akaacha wadhifa wake.

Simu yangu siku hizo ilijaa hasira za Wakenya. Kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu ubaguzi wa Waingereza. Na wana haki ya kukasirika. Takwimu za serikali ya Uingereza yenyewe zinaonyesha kwamba kule England na Wales, mtu mweusi ana uwezekano wa karibu mara nne kuliko mzungu wa kusimamishwa na polisi barabarani na kupekuliwa. Kuzaliwa kule hakukuondolei hilo. Ngozi yako ndiyo inayojibu swali kabla hujafungua mdomo.

Lakini wacha nikwambie kitu. Panda matatu pale Ukunda, ile ya kuelekea Lunga Lunga. Ipite Gazi, ipite Msambweni, ishuke mpaka Ramisi palipokuwa na kiwanda cha sukari. Njia nzima hiyo kuna watu ambao wamezaliwa hapa, wazazi wao wamezaliwa hapa, makaburi ya babu zao yako hapa, na kwa zaidi ya nusu karne kila walipofika kwenye ofisi ya serikali waliulizwa swali lile lile la kule kasri. Tena aliyeuliza hakuwa bibi wa kizungu mwenye lulu shingoni. Alikuwa karani mweusi kama wao, mwenye biro.

Nazungumzia Wamakonde. Na nazungumzia Wapemba.

Tuanze na Wamakonde, maana kisa chao ni kirefu na shuleni hatukufunzwa. (Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilimshinda mamangu, kwa hivyo usidhani kuna mhadhiri aliyenipa haya. Ni kusoma kwa simu na kukaa na wazee.) Nyumbani kwa Wamakonde ni nyanda za juu za Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, na ng'ambo ya mto Ruvuma upande wa kusini mwa Tanzania. Miaka ya 1930 na 1940, wakati Waingereza wanatawala Kenya, mashamba makubwa ya Pwani yalihitaji watu wa kazi. Miwa ya Ramisi ilitaka wakataji. Mkonge wa Kilifi na Taita Taveta ulitaka wakataji pia. Wamakonde waliokuwa wakikimbia kodi na kazi za lazima za Wareno kule kwao wakaajiriwa, wakaja. Wengine walifuata baadaye, vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964.

Walikata miwa. Walioa, walizaa, walizika. Wengi wakabaki hata baada ya kiwanda cha Ramisi kufungwa mwaka 1988, kwa sababu wangerudi wapi? Kijiji cha Makongeni kule Msambweni ndicho kinachojulikana zaidi kama kijiji cha Wamakonde. Mtoto aliyezaliwa Makongeni anaongea Kidigo safi kukuliko wewe uliyekulia Bombolulu.

Sasa ilipofika uhuru, Desemba 1963, katiba mpya ilisema hivi: ukiwa umezaliwa Kenya na mzazi wako mmoja naye amezaliwa Kenya, wewe ni raia moja kwa moja. Wengine ilibidi waombe wenyewe, na kwa baadhi yao dirisha la kujiandikisha lilikuwa la miaka miwili tu. Jiweke kwenye viatu vya mkata miwa wa Ramisi. Hajui kusoma. Amezaliwa chini ya Mreno, anafanya kazi kwa Mhindi, anatawaliwa na Mwingereza, na sasa kuna bendera mpya. Nani alimwendea shambani kumwambia kuna fomu ya kujaza? Alilala mfanyakazi, akaamka mgeni.

Mgeni asiye na kwao, maana Msumbiji nayo haikuwa na jina lake popote.

Hapa lazima nisimame kidogo kwenye neno moja. Huku kwetu, kitambulisho tunakiita kipande. Bibi yako anasema kipande, konda anasema kipande, hata mimi. Unajua neno hilo limetoka wapi? Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwasajili Waafrika, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kuitekeleza kwa ukali. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka kumi na sita alilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi hiyo ilitiwa kwenye kikebe cha chuma, na kikebe kilining'inizwa shingoni. Ukikutwa bila hicho, jela au faini. Mzungu hakuvaa. Mhindi hakuvaa. Kilikuwa chombo cha kuhakikisha mtu mweusi hatoroki kazi, na kilidumu mpaka mwaka 1947.

Yaani babu zetu waliteseka kwa sababu walilazimishwa kuwa nacho. Kisha tukapata uhuru, na jirani zetu wakateseka kwa sababu tulikataa kuwapa.

Na kutokuwa na kipande, kwa kijana wa leo, si jambo la uzalendo au la kuimba wimbo wa taifa. Ni mambo ya kila siku. Laini ya simu husajiliwi, kwa hivyo huna M-Pesa, kwa hivyo kibarua ukifanya, pesa zako zinatumwa kwa simu ya mtu mwingine ambaye anaweza kukwambia bado hazijaingia. Akaunti ya benki huna. Mkopo wa HELB huupati hata ukipata alama za chuo kikuu. Hazina ya Hasla huigusi. Hoteli za Diani zinataka kipande, PIN ya KRA na cheti cha polisi cha tabia njema, na vyote viwili vya mwisho huvipati bila cha kwanza. Leseni ya uvuvi, hakuna. Ndoa ya kuandikishwa serikalini, tatizo. Ukizaa, mtoto naye anaanza maisha akiwa na shimo kwenye karatasi zake. Polisi akiwasimamisha kwenye kizuizi cha barabara ya Lunga Lunga, abiria wote wanatoa vipande, wewe unatoa mia mbili.

Watu walibuni njia. Wengine "walinunua wazazi". Yaani unamwendea mzee wa Kidigo mwenye kipande, mnaelewana, unaandikwa kuwa mwanawe. Unapata karatasi, unapoteza jina. Kuna watu wazima leo wenye majina mawili, moja la nyumbani na moja la serikalini, na siku ya mirathi ndipo balaa linapoanza. Ila si kila mtu aliweza kujificha hivyo. Wazee wengi wa Kimakonde walichanjwa chale usoni tangu utotoni, kwa mila yao. Ukiwa na chale za Kimakonde mashavuni utamwambia karani gani kuwa wewe ni Mdigo wa Tiwi? Uso ulishakushtaki. Ndiyo maana nasema kisa cha Ngozi Fulani na kisa cha Makongeni ni ndugu.

Mwaka 2011 bunge letu lilipitisha sheria mpya ya uraia na uhamiaji. Ndani yake kulikuwa na kifungu kizuri: watu wasio na uraia wa nchi yoyote, waliokuwa wakiishi Kenya tangu kabla ya tarehe 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyao, wangeweza kuomba kusajiliwa kama raia. Muda waliopewa ni miaka mitano kuanzia mwisho wa Agosti 2011. Unaweza kukisia kilichofuata. Agosti 2016 ikafika, na Makongeni watu bado mikono mitupu. Baadaye muda uliongezwa kwa miaka mitatu.

Wakachoka. Oktoba 2016, mamia ya Wamakonde, wazee kwa akina mama kwa vijana, waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Kutoka Kwale hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 500. Walizuiwa njiani, hawakurudi. Wanaharakati wa haki za binadamu walikuwa nao. Tarehe 13 Oktoba wakawa ndani ya Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba mwaka huo. Mapema mwaka 2017 akaja mwenyewe Kwale, zaidi ya watu elfu moja wakapata vipande, na Wamakonde wakatangazwa kabila la 43 la Kenya.

Kabila la arobaini na tatu. Watu ambao walikuwa hapa kabla bendera haijashonwa.

Wapemba walisubiri zaidi, na kwao kejeli ni kali zaidi pia. Ukishuka Shimoni, Vanga, Gazi, utawakuta ufuoni. Hawa ni wavuvi ambao asili yao ni kisiwa cha Pemba. Wengi wao walikuja kwa vizazi wakifuata samaki na upepo, wengine walikimbia baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Tuliwala samaki wao miaka yote hiyo, huku wao wenyewe hawawezi kupata leseni ya kuwavua.

Kejeli iko hapa. Unajua ufuo huu wetu, maili kumi kutoka baharini kwenda ndani, ulikuwa wa nani kisheria mpaka 1963? Wa Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliukodi kutoka kwake kuanzia 1895 na wakaendesha mambo kwa jina lake. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Mombasa mpaka uhuru. Kwa hivyo mvuvi aliyetoka Pemba mwaka 1950 akaegesha ngalawa yake Vanga hakuwa amehama nchi. Alikuwa bado chini ya Sultani yule yule. Yeye alikaa kwenye jahazi lake na mpaka ndio uliomvuka. Lakini ukimsikiliza karani wa 1990, Mpemba huyo ni "Mtanzania", na Mkenya aliyeshuka kutoka bara juzi kununua ploti ya ufuoni ni mwenyeji.

Sisemi hivyo ili kuwachongea watu wa bara. Nasema kwa sababu mtu wa Pwani anapolalamika kuhusu ardhi, huwa anasahau kuna aliye chini yake.

Wapemba walitambuliwa rasmi mwaka 2023 chini ya Rais William Ruto: tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali mwanzoni mwa mwaka, kisha sherehe kule Kilifi mwezi Julai. Ni takriban watu 7,000. Katikati hapo, Desemba 2020, Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe kama wahubiri, nao walikuwa wametangaziwa uraia.

Sasa rudi nami Uingereza kidogo, maana kuna kitu kule kinafanana na Ramisi mpaka kinatisha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa imebomoka na ilihitaji wafanyakazi. Tarehe 22 Juni 1948 meli iitwayo Empire Windrush ilitia nanga Tilbury ikiwa na mamia ya watu kutoka visiwa vya Karibi. Kisheria walikuwa raia wa himaya, hawakuhitaji ruhusa ya mtu. Wakafuatwa na maelfu. Wakaendesha mabasi, wakawa wauguzi, wakajenga. Wengi walileta watoto wao wakisafiri kwa pasipoti za wazazi. Sheria ya mwaka 1971, iliyoanza kazi Januari 1973, iliwahakikishia waliokwishafika haki ya kuishi kule daima. Ila serikali haikuwapa karatasi yoyote ya kuthibitisha.

Unaona tunakoelekea?

Mwaka 2010 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza iliharibu kadi zao za kushukia melini, ambazo kwa wengi zilikuwa ushahidi wa tarehe waliyofika. Mwaka 2012 wizara hiyo hiyo, chini ya Theresa May, ikaanzisha sera ya kuyafanya maisha yawe magumu makusudi kwa yeyote asiye na karatasi. Mwajiri akuombe karatasi, mwenye nyumba akuombe, benki ikuombe, hospitali ikuombe. Ghafla mzee aliyelipa kodi miaka arobaini anaambiwa athibitishe kila mwaka aliokaa pale, mmoja mmoja. Watu walipoteza kazi na nyumba. Wengine walinyimwa matibabu. Angalau 83 walifukuzwa nchini kimakosa.

Miongoni mwa waliokamatwa alikuwa mama mmoja, Paulette Wilson. Aliletwa Uingereza kutoka Jamaika akiwa mtoto, miaka ya 1960. Alikuwa mpishi. Unajua aliwahi kupika wapi? Bungeni. Aliwapikia wabunge waliopitisha sheria hizo. Mwaka 2017 alifungwa kwenye kituo cha wahamiaji akisubiri kupelekwa Jamaika, nchi ambayo hakuwa ameikanyaga kwa nusu karne. Alipona kufukuzwa, akapigania wenzake, akafariki Julai 2020. Kashfa ilipolipuka mwaka 2018, waziri wa mambo ya ndani, Amber Rudd, alijiuzulu. Mpango wa fidia ulianzishwa mwaka 2019, na kuna waliofariki kabla ya kulipwa.

Mkata miwa wa Ramisi na dereva wa basi wa London waliitwa na himaya moja kwa sababu moja, mikono yao. Na wote wawili, kazi ilipokwisha, wakaambiwa waonyeshe karatasi ambayo hakuna aliyewahi kuwapa. Tofauti ni kwamba wale wa London wameandikiwa vitabu na kutengenezewa filamu. Wetu wa Makongeni wana sisi tu, na sisi tunawafanyia mzaha wa uchawi.

Kabla hujasema "wazungu ndio walivyo", kuna kipande cha historia kinachotuhusu wenyewe. Baada ya uhuru, Wahindi wengi wa Kenya hawakuchukua uraia wetu, walibaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 serikali yetu ikatunga sheria mbili, ya uhamiaji na ya leseni za biashara, ambazo ziliwabana wasio raia. Duka, kazi, kibali, vyote vikawa shida. Wakaanza kupanda ndege kwenda London na pasipoti zao halali. Uingereza ikashtuka kuona Waingereza wa rangi ya kahawia wanakuja wengi namna hiyo. Mwishoni mwa Februari 1968 bunge lake likapitisha sheria kwa siku tatu tu: pasipoti ya Uingereza pekee haitoshi, lazima uwe na mzazi au babu aliyezaliwa kule. Mzungu wa Nairobi kwa kawaida alikuwa na babu kama huyo. Mhindi wa Nairobi hakuwa naye. Familia zikakwama katikati, huku hazitakiwi na kule hazipokelewi.

Miaka ikaenda. Oktoba 2022 Rishi Sunak akawa waziri mkuu wa Uingereza. Babake alizaliwa Kenya. Waziri wake wa mambo ya ndani, Suella Braverman, naye ni binti wa mtu aliyehama kutoka Kenya miaka ya 1960. Na mama huyo ndiye aliyesukuma kwa nguvu mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda. Kule watu walisema, mnaona, ubaguzi umeisha, mpaka waziri mkuu ni Mhindi. Huku nako watu wanasema, mnaona, Wamakonde wamepewa vipande, yameisha.

Hayajaisha. Na hapa ndipo wewe unaingia, wewe mwenye kipande chako mfukoni.

Unaijua Diani. Jumapili unashuka barabara ya ufuoni kwa miguu, unataka kukatiza kwenye hoteli ufike baharini. Mlinzi, pengine mlisoma naye, anakusimamisha. Unaenda wapi? Unamtafuta nani? Nyuma yako mzungu wa kaptula, viatu mkononi, anapita na kupewa "jambo" na tabasamu. Hoteli moja iliwahi kuniweka getini dakika arobaini nikiwa nimeitwa kupiga picha za harusi, begi la kamera begani. Mlinzi hana kosa, anafuata agizo la aliyemwajiri. Lakini kuna Wazungu wanaoishi Diani miaka thelathini, wana nyumba, wana mbwa wanne, na hakuna siku mtu aliwauliza ni wa wapi hasa. Wao wanaitwa "wakazi". Mpemba wa Gazi, mjukuu wa mzaliwa wa Gazi, anaitwa "mgeni". Hicho kipimo cha nani mwenyeji tumekitoa wapi kama si kwenye kile kikebe cha shingoni?

Na sisi vijana ndio tunakieneza. Ukiwa kwenye baraza ya bodaboda pale Ukunda, jamaa akitaka kumtusi mwenzake mkali anasema "Mmakonde wewe". Mtoto akilia usiku, "Mmakonde atakuja". Mnacheka. Yule aliyekaa pembeni hacheki, maana bibi yake ana zile chale, na yeye hajawaambia. Utani wa watani tunaujua, una sheria zake. Mdigo na Mduruma wanaweza kuchimbana siku nzima kwa sababu wote wawili wakifika kwa chifu wanaandikiwa barua. Mmoja akiwa hana barua, hapo hakuna utani.

Hata kipande kikipatikana, kuna msasa. Kwa miaka mingi kijana wa Lunga Lunga au Vanga aliyefika miaka kumi na minane hakwenda tu kuchukuliwa alama za vidole kama mwenzake wa Nyeri. Aliitwa mbele ya kamati, wazee na maafisa, akahojiwa. Babu yako ni nani? Alizikwa wapi? Mzee gani wa kijiji anakujua? Februari 2025 Rais Ruto, akiwa Wajir, alitia saini tangazo la kuondoa msasa huo wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Karatasi imeondoa. Tabia ya karani haiondolewi kwa saini, na ukienda ofisi yoyote ya usajili huku kwetu utaona nani anaulizwa maswali mawili na nani anaulizwa kumi.

Halafu kuna ardhi. Wamakonde na Wapemba wengi bado wanaishi kwenye ardhi wasiyokuwa na hati yake. Nyumba ya udongo na makuti unaweza kuijenga, minazi unaweza kuipanda, lakini mwenye hati akijitokeza na tingatinga, kipande chako hakitalisimamisha. Hili ni tatizo la Pwani nzima, hata Wadigo wengi ni maskwota kwenye ardhi ya mababu. Ila Mdigo anaweza kusimama mbele ya tume ya ardhi akasema "hii ni ya mababu zangu". Mmakonde akisema hivyo anaulizwa tena lile swali la mwanzo.

Nina rafiki wa kike wa Msambweni, mjukuu wa mkata miwa. Yeye ni wa kizazi kilichopata vipande akiwa bado shule. Alimaliza kidato cha nne, akasomea uuguzi wa wazee, akapata pasipoti, wa kwanza kwenye ukoo wao kuwa nayo. Alikuwa anajipanga kwenda Uingereza kutunza wazee, maana tangu Februari 2022 walikuwa wakichukua walezi kutoka nje. Tarehe 22 Julai 2025 wakafunga mlango huo kwa walezi wapya wa kutoka ng'ambo. Mikono ilihitajika, kisha haikuhitajika. Alinitumia ujumbe wa sauti akicheka, anasema babu yake angeielewa barua ile bila kutafsiriwa.

Sasa hivi anafanya kazi kwenye nyumba ya mzee wa Kizungu hapo Diani, anampa dawa na kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu jioni. Juzi yule mzee alimuuliza ni wa wapi. Akamwambia Msambweni. Mzee akasema vizuri, yeye amekaa hapa tangu 1987, kisha akaomba chai.